Mwenye shahada na darasa la kwanza: Njia za kusomea ualimu wa shule ya msingi

SHULE ya Msingi ya Kangemi na Barabara ya Peponi ziko katika eneo moja la Westlands jijini Nairobi, na mwendo wa gari kati yake si mrefu. Hata hivyo, mhitimu wa chuo kikuu anayetaka kufundisha watoto wa umri wa miaka sita au saba atapata majibu mawili tofauti akibisha hodi pande hizo mbili.

Katika shule za kimataifa zilizo kandokando ya Barabara ya Peponi ataulizwa ana shahada gani, na baada ya shahada hiyo alisomea ualimu wapi. Katika shule ya umma kule Kangemi swali ni jingine. Ataulizwa iwapo ana cheti cha ualimu wa shule ya msingi, na iwapo Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, imemsajili kwa cheti hicho.

Tofauti hiyo ndogo ya maswali inaweza kumgharimu kijana mwaka mzima na karo isiyorudishwa. Mwenye shahada ya sayansi, biashara au fasihi husikia kwamba ipo kozi ya muda mfupi, stashahada ya uzamili katika elimu, inayomwezesha msomi wa taaluma nyingine kuingia katika ualimu. Husoma kwenye mtandao kwamba kule Scotland na Singapore kozi yenye jina kama hilo hufungua mlango wa shule ya msingi. Hujisajili, husoma na kufuzu. Anapokwenda kutafuta kazi ndipo anapong'amua kuwa hapa Kenya stashahada hiyo humwelekeza katika shule ya sekondari, wala si kwa watoto wadogo aliokusudia kuwafunza.

Makala haya yanafafanua njia zilizopo, mahali kila njia inakoishia, na sababu zinazofanya darasa la watoto wadogo lidai mafunzo yake mahsusi.

STASHAHADA YA UZAMILI HUELEKEA WAPI

Nchini Kenya, stashahada ya uzamili katika elimu ilibuniwa kwa ajili ya wahitimu ambao shahada zao si za ualimu. Aliyesomea hisabati, kemia, historia au Kiswahili bila masomo ya ufundishaji huitumia kujaza pengo hilo. Kozi hiyo hutolewa na vyuo vikuu kadhaa, vikiwemo Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kwa kawaida huchukua kipindi cha mwaka mmoja wa masomo, na sehemu yake muhimu ni mazoezi ya kufundisha katika shule halisi chini ya uangalizi wa wahadhiri.

Masharti ya usajili yenyewe yanaonyesha kozi hiyo inamlenga nani. TSC humtaka anayeomba kusajiliwa kupitia njia hii awe na masomo mawili ya kufundishia aliyoyasomea katika shahada yake. Humtaka pia awe alipata wastani wa C+ katika mtihani wa kidato cha nne, KCSE, na alama isiyopungua C+ katika masomo hayo mawili. Masharti hayo ni ya mwalimu wa sekondari, ambaye huingia darasani kufundisha somo lake, kengele ikalia, akatoka kumpisha mwenzake. Mwalimu wa madarasa ya chini ya shule ya msingi hukaa na watoto walewale siku nzima, akawafundisha kusoma, kuandika, kuhesabu, usafi, nyimbo na michezo.

Hata ndani ya Westlands upo mfano mwingine wa mafunzo ya ualimu kwa watu waliokwisha kupata taaluma. Kule Gigiri, kando ya Barabara ya Limuru, kipo chuo cha kuwafunza walimu wa masomo ya ufundi, kijulikanacho kwa kifupi KTTC. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1977 kwa msaada wa serikali ya Canada. Mhandisi au fundi mwenye stashahada au shahada huenda huko kujifunza namna ya kumfundisha mwingine ufundi wake. Anapohitimu, kazi yake iko katika vyuo vya kiufundi. Ni ushahidi wa kutosha kwamba katika nchi hii mafunzo ya ualimu hupangwa kulingana na mwanafunzi atakayefundishwa. Ukubwa wa cheti alichonacho mwalimu haubadilishi mpango huo.

NJIA YA SHULE YA MSINGI

Kwa miongo mingi mwalimu wa shule ya msingi nchini Kenya alitambulika kwa herufi na tarakimu: P3, P2 na P1, kulingana na kiwango cha elimu alichokuwa nacho alipojiunga na chuo. Hatimaye madaraja ya chini yaliondolewa, ikabaki P1, cheti kilichopatikana baada ya miaka miwili katika chuo cha walimu.

Mabadiliko makubwa yalikuja na mtaala wa umilisi, CBC, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019. Cheti cha P1 kiliondolewa na mahali pake pakachukuliwa na stashahada ya ualimu wa shule za msingi. Wanafunzi wa kwanza wa stashahada hiyo walijiunga na vyuo mwaka 2021. Kozi yenyewe ni ya miaka mitatu. Kiwango cha chini cha kujiunga nayo ni wastani wa C katika KCSE, na mitihani yake husimamiwa na Baraza la Kitaifa la Mitihani, KNEC. Walimu wenye P1 waliwekewa kozi fupi ya kuwapandisha hadi kiwango hicho kipya.

Kwa mkazi wa Westlands, chuo cha umma kinachojulikana zaidi katika ujirani ni Thogoto, kilicho upande wa Kikuyu katika Kaunti ya Kiambu. Vingine, kama vile Kilimambogo, Machakos, Kigari, Kaimosi, Asumbi, Tambach na Shanzu, vimetawanyika katika pembe mbalimbali za nchi.

Vyuo vikuu kadhaa navyo hutoa shahada ya elimu inayolenga shule za msingi. Wengi waliowahi kuisoma walikuwa tayari walimu wa P1. Walikuwa wakifundisha muhula mzima, na shule zilipofungwa mwezi wa Aprili, Agosti na Desemba wakageuka wanafunzi, wakabeba mabegi kwenda chuoni.

Basi mhitimu wa shahada ya taaluma nyingine aliyedhamiria kufundisha darasa la kwanza katika shule ya umma hujikuta mbele ya ukweli mchungu. Njia ya uhakika ni kuanza upya katika mafunzo ya shule ya msingi, akaketi pamoja na vijana waliomaliza kidato cha nne majuzi. Shahada yake haimzuii kujiunga nao, lakini pia haimfupishii safari kama ambavyo ingemfupishia angechagua sekondari.

MLANGO WA SHULE ZA KIMATAIFA

Upande wa Peponi, Parklands na Kitisuru mambo ni tofauti. Westlands ni miongoni mwa maeneo ya Nairobi yenye shule nyingi zinazofuata mitaala ya kigeni. Zipo zinazofuata mtaala wa Uingereza, zipo za mfumo wa Marekani, na zipo zinazofuata mpango wa kimataifa ujulikanao kwa herufi IB. Shule ya Kimataifa ya Kenya, iliyoko kwenye Barabara ya Peponi, ilianzishwa mwaka 1976.

Shule za mkondo wa Uingereza hupenda mwalimu mwenye shahada pamoja na cheti cha uzamili katika elimu, kinachoitwa kwa kifupi PGCE. Huko Uingereza mwenye shahada yoyote inayofaa anaweza kusomea PGCE ya shule ya msingi kwa mwaka mmoja. Sharti awe alifaulu Kiingereza, hisabati na sayansi katika mtihani wa sekondari, na katika mafunzo hayo hutumia siku zisizopungua 120 ndani ya shule. Anapofaulu hupewa pia hadhi rasmi ya mwalimu aliyehitimu, na hadhi hiyo ndiyo inayomruhusu kufundisha katika shule nyingi za serikali za England.

Mkenya anaweza kupata PGCE bila kuondoka Nairobi, kwa kuwa baadhi ya vyuo vikuu vya Uingereza hutoa toleo la kimataifa la cheti hicho kwa masomo ya mbali. Hapa ndipo uangalifu unapohitajika. Toleo hilo la kimataifa, peke yake, halimpi mtu ile hadhi rasmi ya mwalimu aliyehitimu. Linaweza kumfaa katika shule ya kimataifa inayolitambua, ila halimaanishi kuwa anaweza kwenda London kesho yake akaajiriwa kama mwalimu kamili, wala kwamba TSC itamsajili kuwa mwalimu wa shule ya msingi ya umma.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba sheria ya TSC ya mwaka 2012 humtaka kila anayefundisha awe amesajiliwa. Jengo zuri na karo ya juu haviiondolei shule binafsi wajibu huo. Mwalimu anayeajiriwa kwa cheti cha nje hana budi kuhakikisha kwamba vyeti vyake vimetambuliwa na kulinganishwa na vya hapa nchini.

KWA NINI MAFUNZO MAHSUSI

Wapo wanaouliza kwa nini mtu aliyefaulu fizikia ya chuo kikuu ashindwe kumfundisha mtoto herufi tano za irabu. Swali hilo huulizwa zaidi na wale ambao hawajapata kusimama mbele ya watoto 60 katika asubuhi ya Jumatatu.

Chukua kazi ya kufundisha kusoma. Kiswahili husomeka jinsi kinavyoandikwa, hivyo mtoto akizijua silabi ba, be, bi, bo, bu anaweza kusoma maneno mengi kwa muda mfupi. Kiingereza hakina uaminifu huo, kwa kuwa herufi moja hubadilisha sauti kutoka neno hadi neno. Mwalimu wa Gredi ya Kwanza hufundisha lugha hizo zote mbili kwa wakati mmoja, kwa mtoto ambaye nyumbani huenda anazungumza Kiluhya na barazani anacheza kwa Sheng. Sera ya elimu inaagiza kwamba katika madarasa ya chini itumike lugha ya eneo la shule, na katika miji lugha hiyo mara nyingi huwa Kiswahili. Kujua wakati wa kutumia lugha hii, wakati wa kuivukia ile, na namna ya kumtambua mtoto anayekariri ukurasa bila kuusoma ni elimu isiyopatikana katika maabara ya fizikia.

Mpango wa Tusome, uliosambazwa katika shule za umma nchini kote mwaka 2015, ulijengwa juu ya fikra hiyo. Mwalimu alipewa mwongozo wa kila somo, mtoto akapewa kitabu chake, na maafisa wa mtaala wakatembelea madarasa kuangalia watoto wanavyosoma na kumshauri mwalimu papo hapo. Ilidhihirika kuwa kufundisha kusoma ni ufundi wenye hatua zake, na ufundi huhitaji kufundishwa.

Ndiyo maana mtaala wa stashahada ya ualimu wa msingi una masomo ya makuzi na saikolojia ya mtoto, elimu jumuishi kwa watoto wenye mahitaji maalumu, upimaji wa maendeleo ya mwanafunzi na matumizi ya teknolojia. Kisha kuna mazoezi ya kufundisha. Kwanza mwanafunzi hufundisha kipindi kifupi mbele ya wenzake wanaomkosoa, baadaye huingia katika shule halisi. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Mfinyanzi asiyejua kazi anaweza kuuharibu udongo huo ukiwa bado laini, na kasoro ikaonekana miaka kumi baadaye, chungu kikiwa kimekwisha kuchomwa.

KABETE, MWAKA 1925

Wazo la kumpa mwalimu wa watoto elimu ya juu zaidi si geni katika Westlands. Lower Kabete, mahali kilipo leo chuo cha serikali cha kuwafunza watumishi wa umma, palikuwa na chuo kilichoitwa Jeanes School. Kilifunguliwa mwaka 1925, baada ya tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani kuzuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ili kuchunguza elimu ya Waafrika. Miongoni mwa wajumbe wa tume hiyo alikuwamo James Aggrey, msomi mzaliwa wa Gold Coast, nchi iitwayo sasa Ghana.

Fedha zilitoka kwa Shirika la Carnegie la New York. Jina lilitokana na Anna T. Jeanes wa Philadelphia, aliyetoa mali yake kusaidia shule za vijijini za Wamarekani weusi. Mkuu wa kwanza wa chuo alikuwa James Dougall.

Walioingia hapo hawakuwa vijana wasiojua chaki. Walikuwa walimu waliokwisha kufundisha, wakateuliwa na misheni zao, wakaja Kabete pamoja na wake zao na watoto. Waliishi katika nyumba zilizopangwa mfano wa kijiji, na wake zao nao wakafunzwa afya na malezi. Walipomaliza walirudi makwao, wakawa wanazungukia shule kadhaa za vijijini kuwaonyesha walimu wenzao namna bora ya kufundisha.

Chuo hicho kilikuwa zao la zama za ukoloni, na wakosoaji wamekilaumu kwa kulenga kumfungia Mwafrika katika elimu ya jembe na ya kijijini huku elimu ya juu ikibaki kwa wengine. Lawama hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, kanuni yake moja inastahili kukumbukwa: mwalimu aliyeongezewa elimu alirudi kwa watoto wadogo. Mwaka 1961 mahali hapo pakageuzwa taasisi ya kufunza maafisa wa utawala, nchi ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru, na walimu wakaacha kwenda Kabete. Kazi yao ya kutembelea shule ilikuja kufanywa na washauri wa walimu wa ngazi ya tarafa, ambao leo ni maafisa wa kusaidia utekelezaji wa mtaala.

MWALIMU ANAPOSOMA NA KUONDOKA

Baada ya uhuru mambo yaligeuka. Mwaka 1963 shule za msingi zilikuwa na karibu wanafunzi 900,000, na tume ya elimu iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde mwaka 1964 ilikabiliwa na tatizo la walimu wengi wasiokuwa na mafunzo. Kipaumbele kikawa kupata walimu wa kutosha. Msomi wa chuo kikuu alihitajika sekondari na ofisini, hivyo shule ya msingi ikawa mahali pa kuanzia safari.

Mwaka 1998 serikali ilisitisha utaratibu wa kumwajiri kila mwalimu aliyehitimu. Kisha Januari 2003 serikali mpya ya Rais Mwai Kibaki ikaondoa karo katika shule za msingi za umma, na idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Katika mitaa yenye watu wengi kama Kangemi madarasa yalifurika. Mwalimu wa P1 aliyekuwa akihangaika na umati huo hakukosa sababu ya kutafuta shahada ili ahamie sekondari, kwenye mshahara mzuri zaidi na heshima kubwa zaidi machoni pa jamii.

Historia ilijirudia kwa namna nyingine Januari 2023, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walipoingia Gredi ya Saba. Serikali iliamua kwamba madarasa ya sekondari msingi yawe ndani ya viwanja vya shule za msingi. Kwa hiyo wahitimu wa vyuo vikuu, wakiwemo wenye stashahada ya uzamili, hatimaye walipita katika lango la shule ya msingi. Hata hivyo, walipita mbele ya mlango wa Gredi ya Kwanza wakaenda kufundisha Gredi ya Saba, kisha ya Nane na ya Tisa. TSC pia iliwahamishia huko baadhi ya walimu wa shule za msingi waliokuwa wamejipatia shahada.

Uamuzi huo uliwapa walimu hao nafasi waliyoistahili, na hakuna wa kuwalaumu kwa kuipokea. Tatizo liko katika mpangilio wenyewe, ambapo kila elimu ya ziada anayoipata mwalimu humvuta mbali na mtoto anayejifunza kusoma. Mzazi wa Kangemi hana njia ya kununua kile ambacho mzazi wa Peponi hukipata kwa karo, yaani mwalimu mwenye shahada na mafunzo ya uzamili aliyechagua kubaki na watoto wadogo.

WENGINE WANAFANYAJE

Mataifa mengine yamechukua mwelekeo tofauti. Nchini Finland, tangu mwisho wa miaka ya 1970, mwalimu wa shule ya msingi husomea shahada ya uzamili kabla ya kukabidhiwa darasa lake, sawa na mwenzake wa sekondari. Scotland humpa mhitimu wa shahada nafasi ya kusomea ualimu wa msingi kwa mwaka mmoja, kisha humwekea mwaka wa kuanza kazi chini ya uangalizi. Karibu zaidi, Uganda ilipitisha sera ya walimu mwaka 2019 inayotaka kila mwalimu, hata wa shule ya msingi na ya chekechea, awe na shahada.

Afrika Mashariki ina pia mfano wake wa elimu ya uzamili inayomlenga mwalimu aliye kazini. Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianzisha mwaka 2006 taasisi yake ya maendeleo ya elimu jijini Dar es Salaam, ambako walimu wa Kenya, Uganda na Tanzania husomea shahada ya uzamili ya elimu wakiwa na nia ya kurudi kuboresha shule walizotoka. Fikra hiyo haiko mbali sana na ile ya Kabete, isipokuwa sasa mwalimu hupewa shahada kamili ya chuo kikuu.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwa mhitimu anayetafakari kuingia katika kazi hii, mambo yafuatayo yatamwepusha na majuto.

Kwanza, aamue ni mtoto wa umri gani anayetaka kumfundisha. Uamuzi huo ndio unaochagua kozi. Anayependa kufundisha somo moja kwa vijana wa Gredi ya Saba na kuendelea ataifaidi stashahada ya uzamili. Anayetamani kukaa na watoto wanaojifunza kusoma hana budi kutafuta mafunzo ya shule ya msingi yenyewe.

Pili, afungue cheti chake cha kidato cha nne kabla ya kufungua kile cha shahada. Wengi hushangaa kugundua kwamba alama walizozipata wakiwa na miaka 18 ndizo zinazoamua iwapo watasajiliwa, hata kama walipata daraja la kwanza chuo kikuu.

Tatu, asome mwenyewe masharti ya usajili ya TSC na kuuliza katika ofisi zake iwapo kozi anayoilenga, katika chuo anachokilenga, itamwezesha kusajiliwa kwa ngazi anayoitaka. Aulize kabla ya kulipa karo. Tangazo la chuo linaweza kusema kozi ni ya ualimu na likawa kweli, lakini lisiseme ni ualimu wa shule ipi.

Nne, anayechagua cheti cha nje aulize maswali matatu: Je, cheti hiki kinanipa hadhi rasmi ya mwalimu katika nchi kilikotoka? Je, kinatambuliwa Kenya? Je, kina mazoezi ya kufundisha darasani, au ni cha kusoma na kuandika insha tu? Kozi isiyomfikisha mwanafunzi mbele ya watoto haijamfundisha ualimu.

Tano, atayarishe hati zake mapema. Usajili huhitaji kitambulisho cha taifa, vyeti halisi vya masomo, cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi na fomu ya uchunguzi wa afya iliyojazwa na daktari.

Sita, na pengine lililo muhimu kuliko yote, aombe ruhusa ya kukaa wiki chache katika darasa la chini kama msaidizi. Shule nyingi za Westlands, za umma na za binafsi, haziko mbali na makazi na ofisi za wahitimu hao. Humo ataona watoto wakisukumana mlangoni, penseli zikipotea, mmoja akilia kwa kuwa hakula asubuhi, na mwalimu akiyatuliza hayo yote huku somo likiendelea. Atakayeona hayo na bado akatamani kurudi kesho yake amekwisha kupata jibu ambalo cheti hakiwezi kumpa.

Kwa watunga sera, swali linabaki palepale. Nchi inayomwamini mwenye shahada kumfundisha kijana wa miaka 13, na kumwekea njia ya mwaka mmoja ya kufika huko, haijamwekea njia kama hiyo ya kumfikia mtoto wa miaka sita. Ikiwa mafunzo ya uzamili kwa ajili ya shule ya msingi yatawahi kuanzishwa nchini, yatahitaji kuwa na masomo ya makuzi ya mtoto na mazoezi marefu ya darasani. Yatahitaji pia mshahara usiomwadhibu mwalimu kwa kuchagua kubaki chini. Bila sharti hilo la mwisho, kozi hiyo nayo itakuwa ngazi nyingine ya kuondokea.

Mpaka hapo, mtoto wa Gredi ya Kwanza kule Kangemi ataendelea kumtegemea mwalimu wa stashahada aliyefunzwa Thogoto au Kilimambogo. Msomi anayetaka kusimama kando ya mwalimu huyo anakaribishwa, mradi akubali kwanza kujifunza kazi yake.